Ngala, Jogoo na Neno Lisilochoreka

Utotoni mwangu mjini Voi, nilijua kwamba uchaguzi umekaribia kabla sijasikia hotuba hata moja. Fundi wa rangi alitokea na ngazi yake na makopo yake, akaanza kuchora jogoo kwenye ukuta wa duka. Mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporejea, jogoo wa KANU alipata wenzake: simba wa FORD-Kenya na taa ya chama cha DP. Nyanya yangu, ambaye hakuwahi kuketi darasani, aliweza kuijadili siasa ya nchi kutwa nzima pasi na kumtaja mgombea hata mmoja kwa jina. Kwake yeye uchaguzi ulikuwa ushindani baina ya ndege, mnyama na chombo cha nyumbani, na kusema kweli alikuwa akielewa mengi kuliko baadhi yetu tuliosoma.

Kumbukumbu hiyo hunirejesha kila mara kwa Ronald Gideon Ngala. Wanafunzi wengi humjua kama jina la barabara jijini Nairobi. Ni wachache wanaofahamu kwamba mapema katika miaka ya 1950, kabla ya siasa kumchukua, alikuwa mwalimu mkuu huko Mbale, katika milima yetu ya Taita. Alikuwa Mgiriama aliyezaliwa Gotani mwanzoni mwa miaka ya 1920, akasoma Alliance na Makerere, akafundisha Kaloleni, na baada ya Mbale akaiongoza shule ya Buxton mjini Mombasa. Mwaka 1949 alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu, Nchi na Desturi za Wagiriama, kwa Kiswahili. Huyu alikuwa mtu wa neno. Aliamini, kama tuaminivyo walimu sote, kwamba jambo likielezwa vizuri litaeleweka, na likieleweka litakubaliwa.

Imani hiyo ilimfaa sana mwaka 1957, Waafrika walipowachagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Haki ya kupiga kura wakati huo ilipimwa kwa elimu, mali na utumishi, na mtu mmoja aliweza kupewa hadi kura 3. Waliopiga kura walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu wa aina ya Ngala mwenyewe: walimu, makarani, wenye kipato. Akashinda kiti cha Pwani.

Lakini mlango ulizidi kupanuka. Katika uchaguzi wa Februari 1961 aliyejua kusoma na kuandika lugha yake aliruhusiwa, na hata asiyejua, madhali amepita umri wa miaka 40. Ilipofika Mei 1963 kila mtu mzima alikuwa na kura. Hapo ndipo picha ilipopata madaraka ambayo haijayaachilia hadi leo. Maelfu ya watu wasioweza kusoma jina la mgombea waliweza kulitambua jogoo, ndege anayejulikana na kila boma, anayewika kabla ya mapambazuko. Ni nani aliyehitaji kuelezwa kwamba uhuru unakuja na kwamba wakati wa kuamka umefika? Mchoro ulikuwa umekwisha kusema.

Ngala alikuwa upande wa pili. KADU, chama kilichoundwa Juni 1960 yeye akiwa rais wake, kilibeba hoja ya majimbo: kwamba jamii ndogo zilindwe kwa kugawanya mamlaka baina ya serikali kuu na mabaraza ya mikoa. Kama mwanaisimu nimelitafakari sana neno hili. Ni neno la wingi, na linadai maelezo: mipaka ipi, ardhi ya nani, polisi chini ya nani, kodi iende wapi. Katiba ya 1963 ilihitaji kurasa nyingi kuyajibu maswali hayo. Ukutani wa duka la Voi ungeyachoraje?

Sidai kwamba jogoo peke yake ndiye aliyemshinda Ngala. Huo ungekuwa utani. KANU iliungwa mkono na jamii zenye watu wengi zaidi, na mwaka 1961 ilipata viti 19 dhidi ya 11 vya KADU. Ngala alipokubali kuunda serikali ilhali KANU ilikataa mpaka Kenyatta aachiliwe, wapinzani wake walipata silaha ambayo hakuna ufasaha ulioweza kuikinga. Hata Taita, alikofundisha, ilitoa waziri katika baraza la kwanza la KANU mwaka 1963, Dawson Mwanyumba. Ngala akawa rais wa Baraza la Mkoa wa Pwani, kisha Novemba 1964 KADU ikavunjwa na mikoa ikapokonywa nguvu. Mwaka 1966 yeye mwenyewe akawa waziri chini ya jogoo.

Bendera ya taifa ilikuwa imekwisha kupandishwa ikiwa na rangi za KANU, nyeusi, nyekundu na kijani, pamoja na michirizi miwili myeupe. Shuleni tulifundishwa kwamba weupe huo ni amani. Wako pia wanaousimulia kuwa rangi iliyotoka upande wa KADU. Kama ni hivyo, basi hoja ya Ngala ilipata nafasi nyembamba kweli kweli.

Alifariki tarehe 25 Desemba 1972, kutokana na ajali iliyompata katika barabara ya Mombasa na Nairobi, hii hii ipitayo Voi.

Fundi wa rangi wa utotoni mwangu hayupo tena. Kazi yake imechukuliwa na mabango yanayochapishwa kwa mashine. Picha, hata hivyo, haikustaafu. Katika kura ya maoni ya 2005 katiba nzima iligeuzwa ndizi na chungwa, na chungwa likazaa chama. Tarehe 4 Agosti 2010 tukapigia kura katiba nyingine, ambayo sura yake ya 11 ilileta ugatuzi na kaunti 47, Taita Taveta ikiwa mojawapo. Ugatuzi si majimbo, ingawa ni jamaa yake wa karibu. Jioni ya mkesha nilimfungulia nyanya sura hiyo nikaanza kumfafanulia, kifungu baada ya kifungu, kwa bidii zote za mhadhiri. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza ni rangi gani. Nikamwambia kijani. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kulala.