Rolf Sievert: Mtu Aliyeitafutia Mionzi Mizani



Ndugu zangu, safu yetu ya watu mashuhuri wa elimu imenifikia mimi, mwanafunzi wa picha za kitabibu. Wenzangu walitarajia nimwandike Ibn al-Haytham, na kwa kweli anastahili. Lakini nimemchagua Mswidi mmoja ambaye jina lake hutamkwa katika vyumba vya eksirei dunia nzima, na wengi wanaolitamka hawajui kuwa lilikuwa jina la mtu. Ni Rolf Sievert.

Alizaliwa Stockholm tarehe 6 Mei 1896, miezi sita tu baada ya Röntgen kugundua eksirei kule Ujerumani. Baba yake alikuwa na kiwanda cha nyaya za umeme, na kijana angeweza kukalia biashara ya familia maisha yake yote. Yeye akachagua fizikia.

Zama zile mionzi ilitumika kwa kukisia. Daktari alitazama ngozi ya mgonjwa, na ikigeuka nyekundu alijua dozi imefika. Wapigapicha wengi wa mwanzo walipoteza vidole, na baadhi walipoteza maisha. Hata hivyo mashine zilienea upesi. Hapa Kampala, hospitali ya Mengo ya daktari Albert Cook ilikuwa na eksirei mwaka 1907. Kwa hiyo picha zilitufikia kabla ya kipimo.

Mwaka 1924 Sievert alishika uongozi wa maabara ya fizikia ya Radiumhemmet, hospitali ya saratani ya Stockholm. Tatizo alilolikuta ni rahisi kulieleza: dozi ya mji mmoja haikuwa dozi ya mji mwingine. Ni kama soko ambalo kila muuzaji ana kilo yake. Akatengeneza chemba ndogo inayochajiwa umeme. Mionzi ikipita katika hewa iliyomo ndani, chaji hupungua, na upungufu huo ndio kipimo.

Kinachonifanya nimheshimu zaidi ni kwamba hakubaki maabara na chombo chake. Katika miaka ya 1920 alianzisha huduma ya kuzungukia hospitali za Uswidi, kupima mashine moja baada ya nyingine kwa kipimo kimoja. Hospitali zikaweza kulinganishwa.

Mwaka 1928 madaktari na wanafizikia wa nchi nyingi walikutana Stockholm, wakaunda kamati ya kimataifa ya kinga ya mionzi. Sievert alikuwa miongoni mwa waanzilishi, na baadaye, kuanzia 1956 hadi 1962, akaiongoza. Uswidi ilipata sheria yake ya kinga ya mionzi mwaka 1941. Mabomu ya nyuklia yalipokuwa yakijaribiwa angani, alishiriki katika kamati ya Umoja wa Mataifa iliyochunguza athari za mionzi kwa wanadamu. Alifariki tarehe 3 Oktoba 1966. Mwaka 1979 dunia ilikubaliana kuliita kwa jina lake kipimo cha athari ya mionzi mwilini: sieverti.

CT-Scan hakuiona. Mgonjwa wa kwanza alipigwa London mwaka 1971, miaka mitano baada ya kifo chake. Lakini kazi yake ndiyo tunayoihitaji leo, maana mionzi ya CT-Scan ni mingi. Picha ya kawaida ya kifua haizidi milisieverti 0.1. CT-Scan ya kichwa ni karibu milisieverti 2, sawa na inayopokewa kutoka ardhini, angani na chakulani kwa karibu mwaka mzima. Hatari kwa mtu mmoja ni ndogo, na kipimo kinapohitajika faida yake huishinda. Ubaya ni kumpa mgonjwa mionzi ambayo picha haikuihitaji.

Tutajuaje kuwa imezidi? Wataalamu huchukua dozi ya kawaida ya kila hospitali kwa kipimo cha aina moja, wakazipanga kutoka ndogo hadi kubwa, kisha wakaweka alama pale ambapo robo tatu ya hospitali ziko chini. Hicho ndicho kiwango cha rejea. Ulaya, kwa mfano, iliweka miligrei 60 kwa CT-Scan ya kichwa mwaka 1999. Mgonjwa mmoja anaweza kuzidi kwa sababu ya maumbile au ugonjwa wake. Hospitali inayozidi kila siku ndiyo inayotakiwa kujichunguza: labda mpangilio wa mashine haujawahi kuguswa tangu ifungwe, labda eneo linalopigwa ni refu kuliko lililoombwa.

Uganda ina Baraza la Nishati ya Atomiki, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mwaka 2022 watafiti wa hapa walichapisha kazi ya kutafuta viwango vya taifa vya CT-Scan kwa watu wazima: kichwa, kifua, tumbo na kiuno. Mlango umefunguliwa, na kazi ya kuwazungukia watu na mashine bado ni kubwa.

Mimi naishi Ntinda. Mtu akianguka na bodaboda, jamaa huuliza bei na majibu. Shangazi yangu alipigwa kichwa mara mbili katika mwezi mmoja, sehemu mbili tofauti, kwa kuwa ya pili haikutaka picha za ya kwanza. Tulilipa mara mbili, naye akapokea mionzi mara mbili. Hakuna aliyelinganisha chochote.

Dini yetu ina sura nzima yenye jina la wapunjao vipimo. Tumezoea kuisoma tukimfikiria muuza sukari, lakini anayezidisha mionzi kwa uvivu wa kupima naye ameshika mizani.

Basi nawaomba mambo mawili. Mkimpeleka mzazi kupigwa CT-Scan, chukueni picha na dozi iliyoandikwa, mzitunze, na mzioneshe hospitali inayofuata. Na ninyi wenzangu wa afya na fizikia, andikeni dozi za mahali mnapojifunzia, mziweke kando ya kiwango cha rejea, kisha mwulize kwa adabu. Sievert alianza na chemba ndogo na safari za hospitali, na sisi tunaweza kuanza na daftari.

Wabillahi tawfiq.