Lumumba: karani wa posta aliyenyamazishwa kwa kufungiwa redio

KAMINA, Haut-Lomami – Kwenye vibanda vya kuchaji simu na kutuma pesa hapa Kamina, watu wanabishana kila siku. Nani anasoma ujumbe wetu? Nani anatunza alama za vidole tulizotoa wakati wa kuandikishwa kwa uchaguzi? Je, sauti iliyoingia kwenye WhatsApp ni ya mtu kweli, au imetengenezwa na akili bandia? Wengi wanaona haya ni mambo mapya. Lakini maisha ya Patrice Emery Lumumba yanaonyesha kwamba Wakongomani wamekutana nayo zamani, wakati wa barua, telegramu na redio.

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, territoire ya Katako-Kombe, Sankuru. Alisoma kwa wamisionari Waprotestanti na Wakatoliki, kisha akaondoka kijijini angali kijana. Alipitia Kindu, akafanya kazi kwenye kampuni ya madini, na mwaka 1944 akafika Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani.

Huko akaingia posta. Mwaka 1947 alipelekwa Léopoldville kusomea kazi hiyo. Wakati ule posta ndiyo ilikuwa simu, benki na intaneti kwa pamoja. Barua za ndugu, telegramu za serikali na akiba za wafanyakazi, vyote vilipita mikononi mwa makarani. Raia aliweka bahasha yake pale akiamini haitafunguliwa, na aliweka franga zake akiamini hazitaguswa.

Lumumba hakuishia kwenye kupiga mihuri. Aliandika katika magazeti, akasimamia gazeti la wafanyakazi wa posta, L'Écho Postal, na akaongoza vyama vya Wakongomani waliosoma. Lakini Julai 1956, aliporudi kutoka safari ya Ubelgiji, alikamatwa. Alishitakiwa kuchukua zaidi ya franga 100,000 za wateja wa hundi za posta. Alikiri, akahukumiwa kifungo cha miaka 2 kilichopunguzwa baadaye, akatoka mwaka 1957. Wapo wanaopenda kuruka ukurasa huu. Hauondoi ukubwa wake, lakini unakumbusha kwamba anayetunza mali au siri za watu lazima achunguzwe, hata kama ni mtu tunayempenda.

Baada ya jela alihamia Léopoldville, akauza bia za kampuni moja na kuzoea kuongea mbele ya umati. Oktoba 1958 alianzisha pamoja na wenzake chama cha MNC. Mwezi Desemba alikuwa Accra kwenye mkutano wa watu wa Afrika. Katika uchaguzi wa Mei 1960, tawi lake la MNC lilipata viti 33 kati ya 137, vingi kuliko chama kingine chochote. Tarehe 30 Juni, siku ya uhuru, alitoa hotuba ambayo haikuwa kwenye ratiba, mbele ya Mfalme Baudouin, na redio ikaifikisha kwa raia mbali sana na ukumbi ule.

Siku chache baadaye jeshi liliasi. Wabelgiji walikuwa bado na kambi yao kubwa hapa Kamina, na wanajeshi waliotoka humo waliingia Élisabethville. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Kesho yake ndege iliyombeba Lumumba na Rais Kasa-Vubu ilikatazwa kutua Élisabethville. Waziri mkuu hakuweza kushuka katika mji wa nchi yake, kwa sababu uwanja ulikuwa mikononi mwa wengine.

Redio nayo ikafuata. Tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza Lumumba. Jioni ileile Lumumba alikwenda kwenye redio hiyohiyo kumjibu. Kesho yake Umoja wa Mataifa ulifunga viwanja vya ndege na redio ya Léopoldville. Ulisema unazuia fujo na kwamba hatua ni sawa kwa wote. Lakini Kasa-Vubu alipata nafasi Radio Brazzaville, ng'ambo ya mto, na Tshombe alikuwa na redio yake Katanga. Aliyebaki bila sauti ni Lumumba. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu akatwaa madaraka.

Wakati huohuo telegramu za siri zilikuwa zikipita juu ya kichwa chake. Washington iliwasiliana na watu wake wa CIA mjini Léopoldville kuhusu mpango wa kumpa sumu. Brussels nayo iliwasiliana na Wabelgiji wa Katanga. Mtu aliyehudumia telegramu za wengine hakuona hata moja kati ya zile zilizojadili kifo chake.

Usiku wa tarehe 27 Novemba alitoroka kuelekea Stanleyville, akakamatwa karibu na mto Sankuru. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na usiku huo wote watatu wakauawa. Miili ikaharibiwa kwa asidi. Raia walitangaziwa kifo hicho karibu mwezi mmoja baadaye, kwa habari ya uongo kwamba wanavijiji ndio waliomuua.

Ukweli ulichelewa sana. Seneti ya Marekani ilifichua mpango wa sumu mwaka 1975. Utafiti wa Mbelgiji Ludo De Witte, uliotoka mwaka 1999, ulisukuma bunge la Ubelgiji kufungua makabrasha yake. Jino lake lilirudishwa Juni 2022, likazikwa Kinshasa.

Ndiyo maana vijana wanaotetea programu huria, ambazo yeyote mwenye ujuzi anaweza kuzikagua ndani, wana hoja ya kusikilizwa. Leo mashine inaweza kuipa picha ya Lumumba maneno ambayo hakuyasema kamwe. Kabla ya kusambaza sauti kama hiyo, au kukabidhi kidole chako kwa mashine nyingine, uliza kwanza nani anaishika na nani anaruhusiwa kumkagua. Wazee wetu waliposubiri jibu kuhusu Lumumba, lilichukua miaka 40.