Alexander Fleming: Aliyetupa Dawa na Onyo

Safari hii sikuletei hekaya ya sungura na fisi wala kisa cha mapenzi, ingawa najua wengi wenu huzifungua kurasa hizo kwanza. Nimeamua kukusimulia maisha ya mtu aliyefariki zamani, Mskoti mmoja ambaye jina lake tunalikuta katika vitabu vya biolojia, tunalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tunalisahau. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsahau. Nilimkumbuka nikiwa kitandani hospitalini, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kisa changu ni kifupi. Mwaka jana, muhula wa pili, niliota jipu pajani. Nikapewa dawa, zile za rangi mbili, nizimeze kwa siku saba. Siku ya tatu maumivu yakatulia, nami nikajiona nimepona. Usiku huo jirani yangu bwenini alikuwa akikohoa na kupiga chafya ovyo. Nikamwonea huruma, nikamgawia dawa zangu zote zilizobaki. Wacha nijione mwungwana! Wiki mbili baadaye jipu likarudi kwa kishindo, tena na homa juu yake. Nikapewa dawa zile zile, lakini hazikufua dafu. Nikalazwa siku tisa. Usaha ulipopimwa katika maabara, ilionekana kwamba bakteria waliokuwa pajani mwangu walikuwa sugu kwa dawa ile. Mamangu aliuza mbuzi wawili ili nipate dawa nyingine.

Daktari aliyenihudumia, mama mmoja wa makamo, aliketi kando ya kitanda akaniuliza kama namjua Fleming. Nikajibu haraka kwamba ndiye aliyegundua penisilini. Akaniuliza kama najua aliuonya ulimwengu juu ya nini baada ya kuigundua. Hapo nikabaki kimya kama maji ya mtungi. Niliporudi shuleni niliingia maktabani, na haya ndiyo niliyoyapata.

Alexander Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, huko Uskoti. Wazazi wake walikuwa wakulima na wafugaji wa kawaida tu. Baba yake, Hugh, alikuwa na watoto wa mke wa kwanza, ambaye alikuwa amefariki, na wengine wanne wa mke wa pili, Grace. Alexander alikuwa wa tatu kati ya hao wanne. Alipokuwa na umri wa miaka saba tu, baba akafariki, mama na ndugu wakubwa wakabaki kuliendesha shamba. Kijana huyu alikwenda shule kwa miguu, kama wengi wetu hapa. Nadhani huko njiani, katikati ya ndege na vijito, ndiko alikojifunza kutazama vitu vidogo ambavyo wengine huvipita tu.

Alipokaribia umri wa miaka kumi na minne alihamia London, ambako kaka yake Tom alikuwa daktari. Alisoma kidogo, kisha akafanya kazi ya ukarani katika kampuni ya meli kwa miaka minne. Kazi yenyewe hakuipenda hata chembe. Bahati ikamjia mwaka 1901, ami yake alipofariki na kumwachia urithi mdogo. Wengine wangenunua suti na kuonyesha watu! Yeye aliutumia kusomea udaktari katika chuo cha Hospitali ya St Mary's, mtaa wa Paddington. Alihitimu mwaka 1906 kwa sifa.

Hapo kuna jambo la kuchekesha. Fleming alikuwa mlenga shabaha hodari, na nahodha wa klabu ya bunduki ya hospitali hakutaka kumpoteza. Basi akamtafutia nafasi katika idara ya chanjo ya hospitali hiyo hiyo, chini ya bingwa Almroth Wright. Yaani mtu aliingia maabarani kwa sababu ya mchezo, na humo akadumu karibu maisha yake yote. Wenzetu mnaodhani michezo ni kupoteza wakati, mmesikia?

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Fleming alipelekwa Ufaransa, katika mji wa Boulogne, ambako jumba la kamari lilikuwa limegeuzwa kuwa hospitali. Aliona askari vijana wakifa, si kwa risasi yenyewe, bali kwa vidonda vilivyooza. Madaktari walimwaga dawa kali za kuua vijidudu katika vidonda hivyo. Fleming alichunguza akagundua kwamba katika vidonda vyenye kina dawa hizo zilidhuru kuliko kusaidia. Ziliua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, na bakteria waliojificha ndani hazikuwafikia. Alirudi London akiwa na swali moja moyoni: je, hakuna kitu kinachoweza kumwua bakteria bila kumdhuru mgonjwa?

Jibu la kwanza alilipata puani! Mwaka 1922 alitangaza kwamba katika kamasi, machozi, mate na ute mweupe wa yai mna kitu kinachoyeyusha baadhi ya bakteria. Alikiita laisozimu. Watu wa maabarani walikamuliwa ndimu machoni ili apate machozi ya kupimia. Kwa bahati mbaya laisozimu haikuwaweza wale bakteria wakali wanaotuua.

Kisha ukaja mwaka 1928. Fleming hakuwa mtu wa kupangapanga vitu. Meza yake ilijaa visahani vya kuoteshea bakteria. Alikwenda likizo na familia yake, na aliporudi mwanzoni mwa Septemba akaanza kuvikagua vile vya zamani kabla ya kuvisafisha. Kimoja, chenye bakteria waitwao stafilokoka, ndio wale wale wanaoleta majipu, kilikuwa kimeota ukungu kama ule tunaouona kwenye mkate uliolala. Lakini ajabu ni hii: kuuzunguka ule ukungu, bakteria walikuwa wametoweka. Mwingine angekitupa kisahani akanawa mikono. Fleming aliuchukua ukungu ule, akauotesha upya, akapima majimaji yake. Yaliwaua bakteria wengi wabaya na hayakudhuru chembe nyeupe za damu. Mwaka 1929 aliyapa jina la penisilini na kuandika habari zake katika jarida la wataalamu.

Msomaji, usidhani kwamba dunia ilishangilia. Penisilini ilikuwa ngumu kuisafisha na iliharibika upesi, naye Fleming hakuwa mwanakemia. Miaka kumi ilipita hivi hivi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ilibidi watu wengine washike kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Oxford: Howard Florey kutoka Australia, Ernst Chain aliyekuwa amekimbia Ujerumani ya Hitler, na Norman Heatley, fundi wa kubuni vifaa. Mwezi Mei 1940 waliwaambukiza panya wanane bakteria wa kuua. Wanne walipewa penisilini, wanne wakaachwa. Kufika asubuhi wale walioachwa walikuwa wamekufa wote, na wenye dawa walikuwa hai.

Mwaka 1941 walimjaribia askari polisi mmoja aliyekuwa mahututi. Alianza kupata nafuu hata akaweza kula. Lakini dawa ilikuwa kidogo mno, hadi wakawa wanaichuja tena kutoka katika mkojo wake. Ilipokwisha kabisa, ugonjwa ulirudi na akafariki. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza. Yule bwana alikufa kwa kukosa dawa ya siku chache tu, nami za siku nne nilikuwa nimezigawa bwenini kama peremende.

Baadaye viwanda vya Marekani na Uingereza vilianza kuitengeneza kwa wingi, na kufikia mwaka 1944 penisilini iliokoa majeruhi wengi wa vita. Mwaka huo Fleming alipewa cheo cha Sir, na mwaka 1945 yeye, Florey na Chain wakagawana Tuzo ya Nobel.

Sasa tumefika pale daktari wangu aliponitaka nifike. Tarehe 11 Desemba 1945, mjini Stockholm, Fleming alisimama kutoa hotuba ya tuzo. Siku ya furaha kama hiyo, wengi wangejisifu. Yeye alitoa onyo. Alieleza kwamba maabarani si vigumu kuwafanya bakteria wawe sugu. Unawapa tu dawa kidogo isiyotosha kuwaua. Akasimulia mfano wa mtu mwenye kuumwa koo, anayejinunulia penisilini na kumeza kidogo tu. Bakteria wake hawafi, bali wanajifunza kuhimili. Anamwambukiza mkewe, mke anapata kichomi, anatibiwa kwa penisilini na haimsaidii, naye anakufa. Aliyemwua ni nani kama si mumewe aliyeichezea dawa? Niliposoma hayo nilihisi kwamba ninasemwa mimi.

Hebu nieleze jinsi usugu unavyotokea, maana wengine tunadhani ni mwili wa mtu unaozoea dawa. La hasha. Ni bakteria ndio wanaobadilika. Chukulia shamba lenye magugu mamilioni. Machache kati yake, kwa bahati tu, yana mizizi mirefu kuliko mengine. Ukipalilia juu juu, yale mepesi yanakufa, na yenye mizizi yanabaki na shamba zima kuwa lao. Baadhi ya bakteria wanaweza kuzaana kila baada ya dakika ishirini hivi, kwa hivyo hawahitaji muda mrefu kulijaza shamba. Isitoshe, hupeana siri hiyo wao kwa wao, hata walio wa jamii tofauti. Wapo wanaotoa kimeng'enya cha kuikatakata penisilini, wapo wanaoisukuma dawa nje ya miili yao, na wapo wanaobadilisha mahali ambapo dawa hushikia.

Onyo lilitimia upesi. Katika hospitali moja ya London, kufikia mwaka 1948, zaidi ya nusu ya stafilokoka waliopimwa walikuwa sugu kwa penisilini. Wataalamu wakatengeneza methisilini, ikaanza kutumika karibu na mwaka 1960. Kufika 1961 bakteria walioishinda walikuwa wameshaonekana. Ikawa mbio za paka na panya, na panya anaendelea kushinda. Mwaka 2016 mama mmoja mzee alifariki katika jimbo la Nevada, Marekani, kwa sababu bakteria wake walikuwa sugu kwa dawa zote 26 za aina hiyo zilizokuwepo nchini humo. Hebu fikiria: nchi tajiri kiasi hicho, na kabati la dawa likawa kama tupu! Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 bakteria sugu waliwaua watu milioni 1.27 duniani, zaidi ya waliouawa na malaria mwaka huo. Hapa Kenya serikali ilitoa sera ya kitaifa ya kupambana na usugu huu mwaka 2017. Lakini sera haiingii bwenini usiku kuhesabu vidonge vya mtu.

Fleming mwenyewe hakuyaona yote hayo. Mkewe wa kwanza, Sarah, muuguzi kutoka Ayalandi aliyemwoa mwaka 1915, alifariki mwaka 1949. Mwaka 1953 alimwoa Amalia, mtaalamu wa bakteria kutoka Ugiriki. Tarehe 11 Machi 1955 moyo wake ulisimama ghafla akiwa nyumbani London. Majivu yake yakawekwa katika Kanisa Kuu la St Paul's, pamoja na mashujaa wa taifa lile.

Wanakiswahili wenzangu, sikuyaandika haya ili mnionee huruma. Daktari alinieleza kwa haki kwamba huenda bakteria wangu walikuwa sugu hata kabla sijaacha dawa. Usugu hauanzi na mtu mmoja, na hakuna awezaye kuapa kwamba ni mimi niliyeuleta. Lakini alisema pia kwamba kila mtu anayekatiza dozi kwa kichwa chake, kila anayenunua vidonge viwili vitatu dukani bila kupimwa, na kila mfugaji anayewapa kuku dawa hizo ili wanenepe tu, anaongeza kuni katika moto ule ule. Na yule jirani yangu niliyemgawia? Alikuwa na mafua tu. Mafua huletwa na virusi, na dawa za bakteria haziviui. Kwa hivyo sadaka yangu haikumsaidia yeye wala mimi.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Siku hizi tumefika mahali ambapo masikio yanataka kusikia na dawa yenyewe ndiyo imenyamaza. Basi ukipewa dawa na daktari, imeze kwa kipimo na kwa siku ulizoambiwa. Ya mwenzako usiitumie, na yako usimpe. Nawa mikono, maana bakteria asiyekuingia hahitaji dawa. Fleming alikiokota kisahani ambacho wengine wangekitupa. Sisi tusiitupe zawadi aliyotuachia.

Mamangu bado anataja wale mbuzi kila nifungapo shule. Nami kila mara nainamisha kichwa. Wasalaam.