Patrice Lumumba

Patrice Émery Lumumba (2 Julai 1925 – 17 Januari 1961) alikuwa mwanasiasa wa Kongo na waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo baada ya uhuru. Aliuawa katika jimbo la Katanga akiwa na umri wa miaka 35. Mwili wake uliharibiwa ili usipatikane, na kwa muda mrefu habari za kifo chake zilifichwa. Kwa sababu hiyo kifo chake kimezungukwa na nadharia nyingi za njama. Baadhi yake zimethibitishwa na uchunguzi, nyingine bado zinabishaniwa.

Maisha ya awali

Lumumba alizaliwa katika kijiji cha Onalua, wilaya ya Sankuru, mkoa wa Kasai, katika familia ya kabila la Watetela. Alisoma katika shule za misheni za Wakatoliki na za Waprotestanti. Baadaye alikuwa karani wa posta huko Stanleyville (leo Kisangani), ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku. Mbali na Kitetela na Kifaransa, aliongea Kiswahili na Kilingala, jambo lililomsaidia kuhutubia watu wa sehemu mbalimbali za nchi.

Mwaka 1956 alifungwa kwa kosa la kuchukua fedha za posta. Alipotoka gerezani alihamia Léopoldville (leo Kinshasa) na kufanya kazi ya kuuza bia.

Siasa na uhuru

Mwezi Oktoba 1958 alishiriki kuanzisha chama cha MNC, kilichotaka Kongo moja isiyogawanyika kwa makabila. Desemba mwaka huohuo alihudhuria mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra, Ghana. Baada ya ghasia za Stanleyville mwaka 1959 alifungwa tena, lakini aliachiliwa mwanzoni mwa 1960 ili ahudhurie mazungumzo ya uhuru mjini Brussels.

Katika uchaguzi wa Mei 1960 chama chake kilipata viti 33 kati ya 137, kuliko chama kingine chochote. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Lumumba akiwa waziri mkuu na Joseph Kasa-Vubu rais. Siku hiyo alitoa hotuba mbele ya mfalme Baudouin wa Ubelgiji akieleza mateso ya ukoloni, na hotuba hiyo iliwakasirisha Wabelgiji.

Siku chache baadaye askari waliasi. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, jimbo lenye utajiri wa shaba na urani, akisaidiwa na Wabelgiji. Umoja wa Mataifa ulipeleka majeshi, lakini haukukubali kuirudisha Katanga kwa nguvu. Lumumba aliomba msaada wa Umoja wa Kisovyeti, na Marekani ikamwona kuwa adui. Tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu alimfukuza kazi. Tarehe 14 Septemba kanali Joseph Mobutu alitwaa madaraka.

Kukamatwa na picha zake

Lumumba alibaki nyumbani kwake akilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, huku askari wa Mobutu wakiizingira nyumba. Usiku wa tarehe 27 Novemba alitoroka kuelekea Stanleyville, walikokuwa wafuasi wake. Alikamatwa karibu na mto Sankuru tarehe 1 Desemba na kurudishwa Léopoldville.

Waandishi wa habari walipiga picha na filamu za kurudishwa kwake. Zinamwonyesha akiwa amefungwa mikono, ndani ya lori, akisukumwa na kuvutwa nywele. Katika filamu moja askari anamtia mdomoni karatasi yenye maelezo yake kwamba yeye bado ni waziri mkuu halali. Picha hizo zilienea duniani kote, na katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, akamwandikia Kasa-Vubu kudai mfungwa atendewe kwa haki.

Picha hizo ni ushahidi wa mateso yake akiwa kizuizini, lakini zilipigwa wiki 6 kabla ya kifo chake. Hazionyeshi mauaji wala wauaji.

Kifo

Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba alisafirishwa kwa ndege hadi Elisabethville (leo Lubumbashi), mji mkuu wa Katanga, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walipigwa vibaya njiani. Usiku huohuo wote watatu walipigwa risasi porini. Tshombe na mawaziri wake walikuwapo, pamoja na maafisa Wabelgiji waliotumikia Katanga.

Siku chache baadaye afisa wa polisi Mbelgiji, Gérard Soete, alifukua maiti, akazikata na kuziyeyusha kwa asidi.

Maelezo rasmi na nadharia za njama

Tarehe 10 Februari serikali ya Katanga ilitangaza kwamba wafungwa wametoroka. Tarehe 13 Februari waziri wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, alidai kwamba wanakijiji wamewaua, lakini alikataa kutaja kijiji wala kaburi. Wengi hawakuamini, na maandamano yalizuka katika miji mingi duniani. Mwezi Novemba 1961 tume ya Umoja wa Mataifa iliyakataa maelezo hayo.

Kuhusu nani alipanga mauaji, kuna madai mbalimbali:

Marekani: mwaka 1975 kamati ya Seneti ilithibitisha kwamba shirika la CIA lilipeleka sumu Kongo ili kumuua Lumumba. Sumu haikutumika, na kamati haikupata ushahidi kwamba CIA ilishiriki katika mauaji yenyewe.

Ubelgiji: kitabu cha Ludo De Witte cha mwaka 1999 kilisababisha bunge la Ubelgiji kuunda tume. Mwaka 2001 tume iliona kwamba baadhi ya mawaziri wa wakati ule walikuwa na wajibu wa kimaadili. Mwaka 2002 serikali iliomba radhi.

Uingereza: mwaka 2013 mbunge wa Nyumba ya Malodi alisema kwamba Daphne Park, aliyekuwa jasusi Léopoldville, alimweleza kuwa ndiye aliyepanga jambo hilo. Park alikuwa amefariki mwaka 2010, na dai hilo halijathibitishwa.

Jino

Kabla ya kufa mwaka 2000, Soete alikiri hadharani alichofanya na kusema kwamba alibaki na meno ya Lumumba. Mwaka 2016 polisi wa Ubelgiji walichukua jino moja kutoka kwa familia yake. Halikupimwa vinasaba kwa sababu kipimo kingeliharibu. Familia ya Lumumba ilikabidhiwa jino hilo mjini Brussels tarehe 20 Juni 2022, na tarehe 30 Juni lilizikwa Kinshasa, miaka 62 kamili baada ya uhuru.

Kumbukumbu

Mwaka 1966 Mobutu, aliyemkamata, alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Miji mingi ya Afrika ina barabara zenye jina lake. Mojawapo iko Dar es Salaam, Tanzania, ambako ofisi ndogo ya makao makuu ya Chama cha Mapinduzi hujulikana kwa jina la Lumumba.