Chevreul, Mzee wa Mafuta

Kila anayesoma kemia ya ogani anaijua kero hii: asidi moja, majina mawili. Desa linasema asidi ya steariki, kitabu kinasema asidi ya oktadekanoiki, na wewe unakariri yote mawili usije ukakamatwa. Kwa yale majina ya zamani, wa kumlaumu, kama lawama ipo, ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul.

Alizaliwa Angers tarehe 31 Agosti 1786, baba yake daktari wa upasuaji. Akiwa na miaka 17 alikwenda Paris kujifunza kemia kwa Vauquelin. Mwaka 1811 mwenye kiwanda cha nguo akampa sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, aichunguze. Kazi ya mteja tu, ya kumaliza na kuondoka. Chevreul akaiweka kwenye maji mengi, akaona chembechembe zinang'aa kama lulu. Basi, hakutoka tena kwenye mafuta mpaka 1823, alipochapisha kitabu chake kikubwa.

Wakati ule wengi walidhani sabuni ni mafuta yaliyoshikana na magadi, basi. Yeye akaonyesha kwamba magadi yanayavunja mafuta: zinatoka asidi, na pia kinatoka kile kitu kitamu alichokuwa amekigundua Scheele, ambacho Chevreul alikiita gliserini kwa neno la Kigiriki la utamu. Asidi alizitenganisha moja moja, akirudia kuzisafisha mpaka joto la kuyeyukia liache kubadilika. Hakuna mashine za kisasa hapo, jamani. Ni kipimajoto, alikoholi na subira.

Sasa azipe majina gani? Hakuna aliyekuwa anajua mnyororo wa kaboni ni nini, sembuse kuzihesabu. Akachukua alichokiona na alichokinusa. Steariki inatokana na shahamu kwa Kigiriki, oleiki ni mafuta kwa Kilatini, butiriki ni siagi, na kaproiki ni mbuzi (inusie siku moja maabara, hutauliza kwa nini). Ile ya kung'aa akaiita margariki, yaani ya lulu.

Kwenye lulu ndipo palipo na mkasa. Katika miaka ya 1850 Mjerumani Heintz alionyesha kwamba margariki ya Chevreul ni mchanganyiko wa asidi mbili, palmitiki yenye kaboni 16 na steariki yenye 18. Jina likabaki halina mwenyewe, baadaye likapewa asidi ya kaboni 17. Ila mwaka 1869 Mège-Mouriès alikuwa ameshalichukua kuitia majarini yake, kwa hiyo ukipaka mkate asubuhi unapaka lulu ya Chevreul.

Kuhesabu kaboni kwa utaratibu kulikubaliwa Geneva mwaka 1892: okta ni nane, deka ni kumi, jumla 18. Jina la namna hiyo unaweza kulichora ubaoni hata kama hujawahi kuiona hiyo asidi, na kwa hilo silipingi. Lakini sisi tunaokwenda kufundisha tukiyatupa majina ya mzee huyu kama mzigo wa kukariri, tutakuwa tunamficha mwanafunzi kwamba watu walizijua asidi hizi kwa mikono na pua kabla ya kuzijua kwa namba.

Mengine alifanya mengi. Mwaka 1825 alipata hataza pamoja na Gay-Lussac ya mishumaa ya asidi za mafuta, isiyo na moshi na harufu ya ile ya shahamu. Faida wakaipata wengine. Kwenye kiwanda cha mazulia cha Gobelins, watu walipolalamika rangi nyeusi imefifia, aligundua kosa si la rangi, ni la rangi zilizokaa jirani yake. Kitabu alichoandika juu ya hilo mwaka 1839 kilisomwa na wachoraji.

Uzeeni alipenda kujiita mwanafunzi mkongwe kuliko wote Ufaransa. Mwaka 1886 nchi nzima ilisherehekea miaka yake 100, naye akiwa bado anafanya kazi. Alifariki Paris tarehe 9 Aprili 1889, siku chache baada ya kukamilika mnara wa Eiffel, ambao jina lake ni moja ya majina 72 yaliyoandikwa juu yake.