Exekias, mfinyanzi aliyeandika jina lake

Hakuna mwandishi wa kale aliyesimulia maisha ya Exekias. Wazazi wake, mke wake na siku ya kufa kwake vimepotea. Tunamjua kwa sababu aliandika jina lake kwenye vyombo alivyofinyanga.

Alifanya kazi Athens, Ugiriki, karibu miaka ya 545 hadi 530 K.K. Alitia jina kwenye vyombo zaidi ya 10 kama mfinyanzi, na kwenye viwili alijitaja pia kuwa mchoraji. Picha alizipaka kwa udongo laini uliochujwa, kisha akakwaruza nywele, macho na mapambo ya nguo kwa ncha kali. Ndani ya tanuru, moto ulionyimwa hewa kisha ukarudishiwa uliifanya picha kuwa nyeusi, na chombo kikabaki chekundu.

Wachoraji wengi wa wakati wake walichora mapigano yenyewe. Exekias mara nyingi alichagua dakika iliyo kando ya vita. Kwenye mtungi ulioko Vatican, mashujaa Achilles na Ajax wamekaa wakicheza kete, mikuki mikononi. Maandishi madogo yanaonyesha kwamba Achilles amepata nne, Ajax tatu. Kisa hicho hakimo katika tenzi za Homer, lakini wachoraji waliomfuata walikirudia mara zaidi ya 100.

Mtungi mwingine uko Boulogne-sur-Mer, Ufaransa. Achilles ameshakufa, na Ajax amenyimwa silaha zake katika mashindano. Yuko peke yake, ameinama, anashindilia udongo kuzunguka upanga atakaojiangushia. Hakuna damu hata tone. Anayekumbuka zile nne na tatu anaelewa huzuni ilikoanzia.

Sisi wa Kamina tunaujua uzito wa mchezo kama huo. Katika masimulizi ya Waluba, Kalala Ilunga alimshinda mjomba wake Nkongolo mchezoni. Hasira ikazaa shimo lililofichwa mikuki, na mwishowe ufalme ukapata mtawala mwingine.

Mtungi wa Vatican ulitoka kaburini, huko Vulci, Italia. Katika jimbo letu pia makaburi yametunza vyungu: vile vya Sanga, karibu na ziwa Kisale, ambavyo wataalamu walianza kuvichimbua mwaka 1957. Vingi vina umri wa miaka 1,000 hivi, na ustadi wake unaonekana wazi. Lakini waliovifinyanga hawakuwa na maandishi. Majina yao yalikaa midomoni mwa watu, na midomo ile ilinyamaza.

Exekias hakuwa mfalme wala jemadari. Tofauti yake na mfinyanzi wa Sanga ni jina lililoandikwa kabla ya moto. Kwetu tunaosoma lugha, hilo ni deni. Likizo ikifika, tukirudi vijijini, tuwaulize bibi zetu ni nani waliofinyanga mitungi ya nyumbani, na tuyaandike majina yao wangali hai wanaoyakumbuka.