C. V. Raman na Rangi ya Bahari

Je, umepata kusimama Tukuyu asubuhi, mvua ikiwa imekatika na ukungu umeondoka? Tazama Mlima Rungwe ulio karibu. Misitu yake ni ya kijani. Sasa tazama milima ya Livingstone iliyo mbali, upande wa mashariki. Hiyo utaiona ya buluu, ingawa nayo ina majani mabichi. Kati yako na milima hiyo ipo hewa nyingi, na hewa hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu. Ndiyo sababu anga nalo ni la buluu.

Na bahari je? Swali hilo lilimshughulisha C. V. Raman, aliyezaliwa mwaka 1888 kusini mwa India. Mwaka 1907 aliajiriwa na serikali kuwa ofisa wa hesabu mjini Calcutta. Kazi ya ofisi ilipokwisha, alikwenda maabara kufanya majaribio yake. Aliishi hivyo miaka kumi. Mwaka 1917 akaiacha kazi hiyo, akawa profesa kwa mshahara mdogo zaidi.

Mwaka 1921 Raman alisafiri kwa meli katika Bahari ya Mediterania. Wakati huo Lord Rayleigh, mtaalamu mashuhuri wa Uingereza, alikuwa amekwisha kueleza kwamba bahari huonyesha tu rangi ya anga, kama kioo. Raman hakutosheka. Alichukua kipande cha fuwele kiwezacho kuzuia mwanga unaorudishwa na uso wa maji. Alipoitazama bahari kupitia fuwele hiyo, mng'ao wa anga ulitoweka, lakini ubuluu haukupungua, bali ulizidi. Kumbe maji yenyewe hutawanya mwanga! (Leo twajua kwamba maji pia hunyonya mwanga mwekundu, na hiyo ni sababu kubwa.)

Aliporudi Calcutta, yeye na wanafunzi wake walijaribu kimiminika kimoja baada ya kingine. Tarehe 28 Februari 1928 waliona jambo geni: sehemu ndogo sana ya mwanga uliotawanywa ilikuwa imebadilika rangi, na kila kimiminika kiliubadili kwa namna yake. Kwa njia hiyo wataalamu huweza kutambua kitu bila kukigusa. Raman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Alifariki mwaka 1970.

Jaribu wewe mwenyewe usiku. Tia matone mawili ya maziwa katika bilauri ya maji, ukoroge, kisha umulike tochi upande mmoja. Tazama maji kutoka ubavuni, halafu tazama mwanga wa tochi kupitia maji hayo. Andika katika daftari lako rangi ulizoziona.